Albamu ya 300: kanda ya marehemu baba ihesabiwe au isihesabiwe?

FundiCherehani_Makorora:
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu, jambo linaweza kuonekana dogo lakini mimi linaninyima usingizi.

Januari 2018 nilijiwekea ahadi ya kusikiliza albamu 300, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, bila kuruka hata mmoja. Moja kila Jumapili jioni. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga. Siku za kazi redio inaimba kutwa, lakini cherehani inakula nusu ya sauti. Kwa hiyo Jumapili mashine naifunika kanga, nakaa kitini, mikono haishiki kitu. Mwaka wa kwanza hilo la mikono kukaa bure lilinishinda kabisa, nilijikuta nafumua pindo la gauni langu mwenyewe. Kila albamu naiandika kwenye kaunta buku: namba, tarehe, na mstari mmoja wa nilichosikia.

Kuna Jumapili za misiba, za wagonjwa, za umeme kukatika, ndiyo maana imechukua muda. Lakini nimepata mengi. Remmy Ongala nilimjua kwa nyimbo mbili tatu za redioni. Nilipokaa na Songs for the Poor Man ya 1989 yote (namba 41), nikaandika: "Gitaa halimfuati, linajibizana naye." Fela Kuti wa Nigeria ndiye aliyenifundisha subira. Wimbo mmoja unajaza upande mzima wa santuri, na yeye haanzi kuimba mpaka uwe umeshaacha kumngoja. Machozi Jasho na Damu ya Profesa Jay, ya 2001, nilidhani naijua yote kwa kichwa, kumbe nilizijua zile zilizopigwa sana tu.

Sasa nipo 299. Ya mwisho nataka iwe kanda ya marehemu baba, mfanyakazi wa reli. Ni ya dakika 60, aliirekodi mwenyewe kutoka redioni, nyimbo za Lucky Star na Black Star, taarabu yetu ya hapahapa Tanga. Kwenye karatasi kaandika "Upande wa A, asiguse mtu." Matatizo ni mawili. Sheria yangu ya kwanza ilisema albamu iwe imetolewa na wenyewe, isiwe mkusanyo wa mtu nyumbani. La pili, utepe umekatika. Nilimpelekea fundi mmoja mjini aihamishie kwenye flashi, akanirudishia imekatika na ndani kuna ukungu mweupe. Nifanyeje?

Mvita_Kongwe:
Dadangu, pongezi sana. Miaka yote hiyo si mchezo.

Hebu nikuulize, kwenye hicho kitabu chako hamna zile albamu za Ukumbusho za Mbaraka Mwinshehe? Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari hapa Mombasa Januari 1979, na zile Ukumbusho zimekusanywa kutoka santuri ndogo alizotoa akiwa hai. Wakati ule bendi zetu zilitoa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo ukiwa mrefu unakatwa sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Hata Lucky Star na Black Star walikuja kurekodi huku, santuri zikatoka kwa lebo ya Mzuri ya duka la Assanand. Kwa hivyo ukisema mkusanyo hauhesabiwi, utafuta nusu ya muziki wa pwani. Babako naye alichagua akapanga. Ihesabu.

Namba_ni_Namba:
Mimi napingana, kwa heshima. Sheria uliiweka wewe na umeishika mara 299. Upo mkusanyiko uitwao Nyota, uliotoka London mwaka 1989, wa vikundi hivyohivyo viwili. Weka huo namba 300, kanda ya mzee iwe 301.

Mzee_wa_Redio:
Mwanangu, hayo ya namba nawaachia wenzangu. Kanda kwanza.

Usiiweke tena kwenye redio yoyote ikiwa na ukungu, utachafua hedi, kile kichwa kinachosoma utepe, na utepe utazidi kuharibika. Tazama kasha: likiwa na skrubu tano ndogo una bahati, likiwa la gundi itabidi ulipasue taratibu kwa kisu chembamba. Tafuta kanda nyingine usiyoihitaji, yenye skrubu, uhamishie magurudumu yote mawili humo. Kabla hujainua chochote, piga picha uone utepe unavyopita. Ukungu fanyia nje, kitambaa puani, futa kwa kitambaa laini kikavu huku unazungusha kwa kalamu ya Bic. Palipokatika unganisha kwa utepe maalumu wa gundi wa kuungia kanda, upande wa nyuma tu, ule usiogusa hedi, ncha zikutane zisipandane. Hedi isafishe kwa pamba na spiriti, iache ikauke. Na ukibonyeza kupiga, siku hiyohiyo rekodi kwenye simu. Usingoje kesho.

FundiCherehani_Makorora:
Shikamoo mzee. Nimefanya kama ulivyoelekeza. Skrubu zilikuwa tano. Kuunganisha utepe hakukunipa shida, nimezoea vitu vyembamba, nilitumia mkasi wangu wa nyuzi.

Mvita, umenishika, Ukumbusho ni namba 87. Namba_ni_Namba, Nyota nitaisikiliza Jumapili ijayo, ahsante kwa kunielekeza.

Jana nimeisikiliza. Palipoungwa sauti inazama kama nukta moja, kisha fidla zinarudi. Upande wa B, wimbo wa tatu, mtangazaji anaanza kuingilia, anafika "Hii ni Redio Tanza—" halafu unasikia kitufe kimebonyezwa. Ni baba huyo. Nimerudisha pale mara nne, na hiyo ndiyo mara pekee niliyovunja mpangilio wa kusikiliza moja kwa moja.

Kwenye kaunta buku nimeandika: "300. Kanda ya baba. Alikuwa macho mpaka mwisho wa wimbo."