Naomba ushauri: HCl (gesi ya hidrojeni kloridi) tuirudishe kuwa klorini au tuendelee kuuza asidi?

Wakuu, heshima kwenu. Kiwandani tunatengeneza TDI, malighafi ya sponji za magodoro. Klorini yote inayoingia kupitia fosjini (gesi yenye klorini tunayotumia kutengeneza TDI) hutoka ikiwa HCl, molekuli 2 kwa kila kundi la isosayaneti (sehemu ya molekuli ya TDI inayoundwa hapo). Tunaiyeyusha kwenye maji na kuiuza kama asidi, ila wanunuzi wamepungua na matangi yanakaribia kufurika. Yakijaa, mtambo mzima unasimama.

Kuirudisha kuwa klorini kwa elektrolisisi (kuitenganisha kwa umeme) kunakula umeme balaa. Wenzangu wanataka mchakato wa Deacon, unaogeuza HCl kuwa klorini kwa oksijeni na kichocheo cha rutheni (metali adimu). Mimi nahofia mabaki ya kiyeyusho cha mtambo wa TDI kwenye gesi ya HCl yataharibu kichocheo mapema (na rutheni si bei ya kuchezea).

Waliowahi kuuendesha mchakato huo, gesi mliisafishaje kwanza: kwa kuipoza sana, au kwa kaboni amilifu?