Cheti cha NACTE, barua ya NACTVET: ofisi ya utambuzi imekataa (Ujerumani)

Mama wa Gelsenkirchen

Wanajumuiya, habari za siku nyingi. Stashahada yangu ya uuguzi na ukunga, NTA 6, ilitolewa na NACTE, baraza la elimu ya ufundi la Tanzania, lakini barua ya uthibitisho niliyoletewa kutoka nyumbani ina nembo ya NACTVET. Ofisi ya jimbo ya utambuzi wa vyeti vya nje imenirudishia faili ikidai kwamba hizo ni taasisi mbili, na kwamba haiwezi kuhesabu saa zangu za mafunzo mpaka ile iliyotoa cheti ithibitishe yenyewe. Nilimweleza mhusika kwamba ni baraza lile lile lililobadilishwa jina, akanijibu kwamba maelezo ya mdomo hayaingii kwenye faili.

Mwajiri wangu anasubiri Bescheid, yaani uamuzi rasmi wa ofisi hiyo, ndipo aniandikishe Anpassungslehrgang, yaani mafunzo ya kuziba upungufu, na hadi hapo ninalipwa kama msaidizi. Mnajua viwango: kuanzia Julai 2025 kima cha chini cha mshahara katika uangalizi wa wagonjwa na wazee kilikuwa euro 16.10 kwa saa kwa msaidizi na 20.50 kwa muuguzi kamili. Tofauti hiyo ya euro 4.40, ukiizidisha kwa saa 160 za mwezi, ndiyo sare, bweni na chakula cha wadogo zangu walioko Newala, kusini mwa Tanzania. Naomba kujua ni waraka gani uliowahi kukubaliwa katika hali kama hii.

Kaka wa Dortmund

Pole sana, dada. Achana na jimbo, peleka faili ZAB, ofisi kuu ya elimu ya nje kule Bonn, lipa euro 208, na utapewa Zeugnisbewertung, yaani tathmini ya cheti, isiyo na maswali mengi. Mimi nilifanya hivyo kwa shahada yangu ya uhasibu na niliipata bila usumbufu wowote. Kweli, bado ninapanga vifurushi ghalani usiku, kwa kuwa kila mwajiri anataka uzoefu wa hapa hapa, na uzoefu wa hapa hapa hupewi mpaka uajiriwe, lakini karatasi ninayo.

Muuguzi wa Leipzig

Tafadhali tusipotoshane. Zeugnisbewertung ni ya shahada za taaluma zisizodhibitiwa. Uuguzi unadhibitiwa, na hakuna hospitali itakayomwandika dada yetu kuwa Pflegefachfrau, yaani muuguzi kamili, kwa karatasi ya Bonn. Kaka atakuwa amempotezea euro 208 bure.

Mimi nilisoma KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, nikaandikiwa upungufu wa saa katika uuguzi wa wazee, somo ambalo kwetu halikupewa uzito kwa sababu wazee wetu hulelewa nyumbani. Nilichagua Kenntnisprüfung, yaani mtihani wa maarifa badala ya mafunzo ya kuziba upungufu. Na kwa kuwa najua litaulizwa: mkataba wa Kenya na Ujerumani uliotiwa saini Berlin Septemba 2024 haumwondolei mtu yeyote utambuzi wa vyeti, na ile habari ya nafasi 250,000 za kazi kwa Wakenya serikali ya hapa ilikwisha kuikanusha. Bado napigiwa simu na jamaa waliouza shamba wakiamini kwamba nafasi hizo zipo mezani.

Mzee wa Bochum

Wanangu, mnazungumzia karatasi kana kwamba karatasi ndiyo inayozaa kazi. Nilifika hapa kabla ya ukuta wa Berlin kuanguka, na nimeyaona haya kwa wenyeji wenyewe.

Katika zaidi ya miaka mia moja ya makaa ya mawe, eneo letu hili la Ruhr, pamoja na mamilioni ya watu wake, halikuwa na chuo kikuu mpaka Bochum ilipofungua chake mwaka 1965. Kijana wa miaka 14 alimfuata baba yake mgodini, akapata mshahara wa kutosha, na hakuna aliyeona sababu ya kumrudisha darasani. Lakini migodi ilikuwa imeanza kuyumba tangu mwaka 1958, kwa hiyo elimu ilifika wakati kazi iliyolisha mji ikiwa njiani kuondoka. Mgodi wa mwisho, ule wa Bottrop, ulifungwa Desemba 2018. Opel ilikuja hapa Bochum mwaka 1962 kuwachukua waliotoka migodini, nayo ikafunga mwaka 2014. Nokia ilikuwa imetangulia kuondoka mwaka 2008. Vijana waliohitimu wakafuata kazi Munich na Stuttgart.

Gelsenkirchen aliko mama yetu bado ni kati ya miji yenye ukosefu mkubwa kabisa wa ajira katika nchi hii. Sisi wageni tunakwenda kuishi huko kwa sababu kodi za nyumba ni nafuu, na nafuu hiyo tunailipia shuleni. Mtoto akimaliza darasa la nne, akiwa na miaka kumi tu, mwalimu anapendekeza aende Gymnasium, sekondari ya kuelekea chuo kikuu, au kwingine, na mtoto ambaye mama yake yuko zamu ya jioni hana wa kumsimamia kazi za nyumbani. Mama anafanya zamu ya jioni kwa sababu ni msaidizi. Sasa niambieni tatizo lilianzia kwenye shule, kwenye kazi, au kwenye kodi ya nyumba.

Mwana wa Mtwara (Hamburg)

Shikamoo, mzee wangu. Uliyoyaeleza ya Ruhr ni ya kwetu kusini, ila kwetu hata huo mshahara wa kwanza haukuwahi kuja. Wakoloni walijenga reli kwa ajili ya karanga za Nachingwea, mradi ukafa, na reli ikang'olewa. Mpaka Daraja la Mkapa la mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, mvua kubwa ikinyesha ulikuwa huna uhakika wa kufika Dar es Salaam kwa barabara. Viwanda vya kubangua korosho vilijengwa miaka ya 1970, vingi vikaishia kufungwa, na korosho ghafi zikapakiwa kwenda India na Vietnam. Kila gunia linalosafiri na maganda yake linaondoka na ujira wa mbanguaji.

Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 madarasa yalifurika, na mimi nililifurahia jambo hilo na bado ninaliunga mkono. Lakini sare, madaftari na michango vilibaki kwa mzazi, na mzazi wa Tandahimba hulipa baada ya mnada wa korosho. Msimu wa 2018 serikali ilipoamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaanza kusomba, malipo ya wengi yalichelewa, na katika kusubiri huko mtu anauza kangomba, yaani kwa wanunuzi wa magendo, kwa bei ya kutupa ili mtoto asirudishwe nyumbani. Mtoto huyo akimaliza kidato cha nne anakuta bodaboda. Mwaka 2013 watu walipoandamana wakitaka gesi ya Mtwara iwaletee viwanda huko huko, waliitwa wachochezi, na mwaka 2015 bomba likaanza kuipeleka Dar es Salaam.

Aliyesoma zaidi, kama dada yetu, hukaa mtaani akisubiri kibali cha ajira huku zahanati ya kijijini kwao ikiwa na muuguzi mmoja. Newala ilimsomesha, na faida inavunwa Gelsenkirchen, tena kwa bei ya msaidizi.

Muuguzi wa Leipzig

Kaka, haya ni ya kweli, lakini usiisahau sehemu yetu. Mwaka 2017 watumishi wa umma zaidi ya 9,000 wa Tanzania waliondolewa kwa vyeti feki, na ofisi za huku zinasoma magazeti. Kila cheti halali sasa kinabeba shaka ya kile cha bandia.

Mwana wa Mtwara (Hamburg)

Dada, ukweli unaujua. Waliofukuzwa walijaza nafasi kwa sababu wenye vyeti halali hawakuwa wameajiriwa. Huwezi kumwadhibu muuguzi wa Newala mara mbili kwa kosa la mwingine.

Kaka wa Dortmund

Samahani kwa kuingilia. Mdogo wangu ana cheti cha ufundi cha VETA cha umeme, daraja la tatu, na bado yuko Lindi bila kazi. Je, anaweza kuomba moja kwa moja IHK FOSA, ofisi ya utambuzi ya vyama vya biashara na viwanda?

Muuguzi wa Leipzig

Umeme wa majumbani ni HWK, chama cha kazi za mikono, si IHK FOSA. Na ufungue mada yako, kaka. Hii ni ya uuguzi.