Naomba ushauri: viazi vitamu vya sikukuu kwa mwenye kisukari
Ndugu wanachama, salaam. Mama yangu ana kisukari, na kila sikukuu mezani havikosekani viazi vitamu vilivyookwa kwa siagi na sukari, ambavyo (niseme ukweli) anavipenda kuliko nyama yenyewe. Ninavyoelewa, kuoka polepole huipa wanga muda wa kugeuka sukari, ilhali viazi vilivyochemshwa havipandishi sukari ya damu kwa kasi hiyo; tena vile vya rangi ya chungwa vina karotini inayogeuzwa na mwili kuwa vitamini A, nayo hufyonzwa vyema pakiwa na mafuta kidogo. Tatizo ni kwamba vyangu vya kuchemsha hutoka majimaji, naye huvisukuma pembeni. Je, nivipikeje vibaki vikavu na vyenye ladha bila kuongeza sukari, na kiasi gani kinamtosha kwa mlo mmoja?