Mjadala: Je, ni haki kumpima mtoto akili kabla ya kumpokea darasa la kwanza?

Mwalimu wa shule ya msingi, Katuba (mwanzisha mada)

Jambo kwenu wote. Msimu wa kuandikisha watoto umefika, na shule kadhaa za binafsi hapa Lubumbashi zimerudia desturi yao. Mtoto wa miaka sita anaketishwa peke yake mbele ya mtu asiyemjua, anapewa karatasi ya testi kwa Kifaransa, muda si mrefu shule inaamua. Aliyefanya vizuri anawekwa darasa A. Aliyeshindwa anawekwa B, au mzazi anaambiwa atafute kwingine. Nimeona wazazi wakitoka pale wakimtazama mtoto wao kwa jicho jipya, jicho baya. Mimi nasema testi hiyo haina haki ya kumfungia mtoto mlango. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo.

Tuanze na aliyeianzisha kazi hii. Alfred Binet, Mfaransa, alitoa kipimo chake cha kwanza mjini Paris mwaka 1905 pamoja na Théodore Simon. Serikali ya Ufaransa ilitaka njia ya kuwatambua watoto wanaohitaji mafundisho ya pekee. Wasaidiwe, si wafukuzwe. Mwaka 1909 Binet mwenyewe aliwakemea kwa maandishi wale waliodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka. Akafa 1911, na kipimo kikavuka bahari. Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alikitengeneza upya 1916, na mwaka uliofuata jeshi la Marekani likaanza kuwapima askari, zaidi ya milioni moja na nusu hadi vita vilipokwisha. Wasiojua kusoma walipewa picha zenye pengo wachore kilichokosekana: uwanja wa tenisi usio na wavu, gramafoni isiyo na tarumbeta yake. Mhamiaji aliyetoka kijijini na hajawahi kuona gramafoni alihesabiwa kuwa na akili ndogo.

Sasa njooni kwetu. Nimeishika mkononi karatasi moja ya testi hizi. Kuna mstari una nyanya, kitunguu, lengalenga na kisu, mtoto akate kwa mstari kisichofaa kuwa pamoja na vingine. Mtoto wa jirani yangu hakukata kitu. Nilipomuuliza nyumbani alinijibu bila kusita: "Kisu nikikitoa, mboga mama atakata na nini?" Akapata sifuri hapo.

Jibu hilo linajulikana katika saikolojia. Miaka ya 1960 Michael Cole na wenzake walifanya utafiti kwa Wakpelle wa Liberia. Waliwapa watu wazima vitu wavipange, nao wakaweka kisu na chungwa pamoja, kwa kuwa kisu hukata chungwa, wakisema ndivyo afanyavyo mtu mwenye busara. Ndipo wakaulizwa: na mjinga angepangaje? Wakapanga vyakula huku, vifaa kule, sawasawa na vile watafiti walivyokuwa wakitafuta. Uwezo wa kupanga walikuwa nao tangu mwanzo. Hawakuona sababu ya kuutumia namna hiyo.

Mama wa watoto watatu, Kampemba

Mwalimu, heshima yako. Lakini ukiondoa testi, nafasi zitatolewa kwa njia gani? Wote tunajua: kwa bahasha na kwa kujuana. Mtoto wa mkubwa wa kampuni ataingia, wangu ataambiwa darasa limejaa. Testi angalau ina alama, naweza kuomba nizione. Tangu shule za msingi za serikali zilipotangazwa bure mwaka 2019, watoto wamefurika, wanabanana benchi moja. Ndiyo maana tunakimbilia za binafsi hata kwa kukopa. Na mtoto anayeshika haraka, akae tu akimngojea mwenzake ambaye hajajua kushika kalamu?

Mwanafunzi wa saikolojia, UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi)

Naungana na mama kwa sehemu. Mwalimu ametuletea mabaya ya vipimo tu. Tangu 1904 mwanasaikolojia Mwingereza Charles Spearman alionyesha kwamba anayefanya vizuri somo moja huelekea kufanya vizuri na mengine, na matokeo hayo yamerudiwa mara nyingi katika nchi nyingi. Vipimo vilivyotengenezwa vizuri hutabiri alama za shuleni kuliko karibu kitu kingine chochote tulicho nacho. Tafiti za mapacha nazo zinaonyesha urithi una uzito, na uzito huo huongezeka mtu akikua. Tusikatae sayansi kwa sababu inatuuma.

Fundi wa magari, Kamalondo

Mimi niliachia shule darasa la tano. Kijana wangu ana miaka minane, anatengeneza gari la waya lenye usukani unaokata kona, magurudumu ya vizibo. Kwenye bulletin, ile karatasi ya matokeo ya shule, anaandikiwa "dhaifu". Nani amempima vibaya, shule au mimi?

Mwalimu wa shule ya msingi, Katuba

Fundi, swali lako lina jibu, tena kutoka karibu, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa. Robert Serpell, aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Zambia, aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza, kazi ya kuiga maumbo. Matokeo yalitoka mwaka 1979. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Manchester waliwashinda wa Lusaka. Kwa waya, wa Lusaka waliwashinda wa Manchester. Kwa udongo wakawa sawa. Kama Serpell angebeba kalamu tu, tungesoma leo kwamba watoto wa Zambia hawaoni maumbo vizuri.

Mwanafunzi, Spearman simpingi, wala urithi. Lakini urithi unapimwa ndani ya mazingira fulani. Eric Turkheimer na wenzake walichapisha mwaka 2003 utafiti wa mapacha wa miaka saba huko Marekani: katika familia maskini, tofauti za alama zilielezwa zaidi na mazingira ya nyumbani, karibu asilimia 60, na urithi karibu si kitu. Kwa matajiri ikawa kinyume. Sasa utazame Embu, Kenya. Watoto wa shule walipimwa mwaka 1984 kwa mafumbo ya picha ya Raven, na wengine wa umri uleule 1998. Ndani ya miaka 14 alama zilipanda kama 26, kwa kipimo ambacho wastani wake ni 100. Damu ya watu haigeuki kwa miaka 14. Wazazi walikuwa wamesoma zaidi, familia zilikuwa ndogo zaidi, watoto walikula vizuri zaidi.

Na Kongo yenyewe ina historia. Miaka ya 1950 André Ombredane na wenzake waliwapima Wakongo kwa mafumbo hayohayo ya Raven, yaliyosifiwa kwamba hayategemei lugha wala shule. Walipowarudishia watu walewale kipimo kilekile, alama zilipanda. Kama kurudia tu kunapandisha alama, basi mtoto anayekutana na karatasi hiyo kwa mara ya kwanza, kwa lugha ambayo haisemwi nyumbani kwao, amepimwa nini?

Tena kuna jambo ambalo mji wetu haupendi kulitaja. Madini ya risasi hupunguza akili ya mtoto, hilo halibishaniwi. Mwaka 2009 watafiti wa UNILU na wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha kwamba watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha wana kobalti na metali nyingine mwilini kwa kiwango cha juu sana, risasi ikiwemo. Mtoto aliyekua akicheza kwenye vumbi hilo anaketi kwenye testi ileile na mtoto wa Golf, mtaa wa matajiri, halafu tunaiita alama hiyo kipaji.

Mwanafunzi wa saikolojia, UNILU

Hoja ya Embu naikubali. Ya Turkheimer ishike kwa uangalifu, mwalimu: tafiti za baadaye zimeipata Marekani, lakini Ulaya na Australia haikuonekana vile. Huenda kwenye nchi inayomlinda maskini pengo hilo linafungwa. Kwetu sijaona mtu aliyepima.

Mwalimu wa shule ya msingi, Katuba

Asante, hilo linanitia nguvu kuliko kunipinga. Na mama wa Kampemba, hofu yako ya bahasha ni ya kweli, sitaipita. Lakini bahasha inaweza kununua hata alama za testi. Waombaji wakizidi nafasi, majina yakunjwe, yatiwe kapuni, yachomolewe mbele ya wazazi. Kisha mwezi wa tatu wa masomo, mtoto akishaizoea shule, apimwe kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, ili mwalimu ajue amsaidie wapi. Binet angetaka hivyo.

Mama wa watoto watatu, Kampemba

Kapu nakubali, likiwekwa uwanjani mchana kweupe, si ofisini. Lakini hao watakaoonekana wanahitaji msaada mwezi wa tatu, nani atakaa nao saa za ziada, na nani atamlipa? Wakituongezea minerval, yaani ada ya shule, kwa ajili hiyo, wa kwanza kutolewa shuleni ni walewale waliohitaji kusaidiwa. Hapo, mwalimu, bado hujanijibu.