Viungo na machungwa kutoka Muheza: tuanzie wapi kupunguza moshi na kuwatendea haki wanaobeba mzigo?

Mtunza Ghala (Tanga mjini)

Assalaam alaykum, na salamu kwenu nyote wanajukwaa.

Mimi ni msimamizi wa ghala na usafirishaji katika ushirika wa wakulima wilayani Muheza. Tunakusanya iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga kutoka vijiji vya Amani, tunavichambua na kuvifungasha hapa Tanga, kisha tunavipeleka Dar es Salaam kwa barabara ili vipakiwe kwenye kontena za kwenda Ulaya. Msimu wa machungwa unapofika, malori hayohayo hubeba matunda kwenda kwenye masoko ya Dar es Salaam.

Mnunuzi wetu mkubwa wa viungo yuko Ujerumani. Tangu tarehe 1 Januari 2023 nchi yake ina sheria inayozitaka kampuni kubwa zichunguze hali ya watu na mazingira katika mnyororo wao wote wa ugavi. Ilianza na kampuni zenye wafanyakazi 3,000 na zaidi, na mwaka 2024 ikashuka hadi zenye wafanyakazi 1,000. Zamani alituuliza juu ya unyevu na usafi wa bidhaa tu. Sasa anauliza pia nani anapakia magunia na analipwa vipi, dereva anapumzika lini, kuni za kukaushia iliki zinatoka wapi, na kila tani inayofika bandarini imetumia mafuta kiasi gani. Mimi naona maswali hayo ni ya haki, na yangestahili kuulizwa hata kama asingekuwapo mnunuzi wa kuyauliza, kwa sababu msitu ni wetu na migongo inayovunjika ni ya vijana wetu.

Kamati ya ushirika inaelekea kukopa benki ili tununue lori jipya linalotumia mafuta kidogo, kisha tumwandikie mnunuzi kwamba tumeanza. Nina mashaka na njia hiyo, lakini sina hoja za kutosha za kuipinga mbele ya wanachama. Naomba wenye uzoefu wanieleze: kwa ushirika wenye fedha kidogo kama wetu, hatua ya kwanza yenye manufaa ya kweli ni ipi?

Msafirishaji wa Segera

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nimeshughulika na uchukuzi katika barabara ya Tanga, Segera na Chalinze kwa muda mrefu, na ushauri wangu ni kwamba msikope kwanza. Lori jipya linalorudi tupu linachoma mafuta ya bure kama lile la zamani, isipokuwa mtakuwa mnalipa na riba.

Anza na daftari. Kila safari iandikwe lita zilizotiwa, kilomita zilizotembewa, tani zilizobebwa wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, na saa ambazo gari limesimama likisubiri kupakia au kupakua. Hesabu ya moshi si ngumu kama inavyodhaniwa, kwani kila lita ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.68 za hewa ya ukaa, liwe gari jipya au kuukuu. Tuchukulie lori la tani 10 linalotumia lita 30 kwa kila kilomita 100. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 350, kwa hiyo litatumia lita 105, sawa na kilo 281 za hewa ya ukaa, au kilo 28 kwa kila tani mliyopeleka. Likirudi tupu kwa lita 22 kwa kilomita 100, ongezeni lita 77, yaani kilo 206 nyingine, na zote lazima zihesabiwe juu ya mzigo uleule wa viungo. Tani moja sasa inabeba karibu kilo 49. Hakuna injini mpya itakayowapa nafuu inayokaribia ile mtakayopata mkipata mzigo wa kurudia.

Na mzigo wa kurudia upo. Maduka ya pembejeo ya Muheza na Korogwe huleta mbolea kutoka Dar es Salaam, wenye maduka ya jumla huleta bidhaa zao, na kila mmoja anakodi gari lake. Kinachokosekana ni makubaliano ya siku. Mkiwaambia mapema kwamba gari lenu hutoka Dar es Salaam kila Jumatano, watapanga mzigo wao kufuata ratiba hiyo, na nauli watakayolipa itagharimia sehemu ya mambo mengine unayoyauliza.

Jambo la pili ni uzito. Wapo wanaodhani kwamba kujaza lori kupita kiasi ni kubana matumizi, kwa kuwa safari zinapungua. Uchakavu wa barabara hauongezeki sambamba na uzito wa ekseli, yaani mhimili unaoshika magurudumu. Unaongezeka kwa takriban kipeo cha nne. Ekseli iliyoruhusiwa tani 10 ikibebeshwa tani 12 huichakaza barabara zaidi ya mara mbili, ingawa uzito umezidi kwa asilimia 20 tu. Barabara ikiharibika, kila gari linalopita baadaye linatumia mafuta zaidi na matairi zaidi, na breki zinachoka kwenye miteremko. Anayezidisha mzigo anahamishia gharama yake kwa watu wote wanaoitumia barabara ile, wakiwemo abiria wa mabasi.

Nisiache kutaja upepo wa matairi na mwendo wa dereva, ambavyo havihitaji mkopo. Lakini msimlaumu dereva kwa mwendo wa kasi ikiwa ghala limemchelewesha kutwa nzima na bado anadaiwa kufika alfajiri.

Mkulima wa Amani

Nashukuru kwa mjadala huu, na kaka wa Segera ameeleza vizuri habari za barabara kuu. Naomba niwakumbushe kwamba mzigo haujaanza safari yake Tanga mjini. Umeanza huku juu milimani, na sehemu kubwa ya madhara iko huku, kabla lori halijawashwa.

Iliki hupenda kivuli cha msitu. Kwa miongo mingi watu wa Usambara Mashariki wameilima chini ya miti mikubwa kwa kufyeka miche na vichaka vya chini, hivyo miti mizee inapoanguka hakuna michanga ya kushika nafasi yake. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilianzishwa mwaka 1997 kulinda sehemu ya misitu hiyo, yenye viumbe na mimea isiyopatikana penginepo duniani, na vyanzo vya mto Zigi unaowapa watu wa Tanga maji ya kunywa. Kwa hiyo anayekunywa maji hapo mjini anahusika na namna iliki inavyolimwa huku. Tena iliki ikishachumwa lazima ikaushwe haraka isiote ukungu, na milima yetu ina mvua na mawingu mengi, ndiyo maana watu wanatumia moto. Mkitaka kupunguza hewa ya ukaa kwa fedha kidogo, jengeni makaushio ya pamoja yenye paa la nailoni angavu, na tanuru dogo lililojengwa vizuri kwa siku za mvua, badala ya kila kaya kuchoma kuni zake chini ya uchaga ulio wazi. Ubora wa iliki utapanda pia, kwa sababu haitanuka moshi.

Baada ya hapo kuna kubeba. Kutoka mashambani hadi barabara ya gari, mzigo unashushwa kichwani, mara nyingi na wanawake, au kwa bodaboda kwenye njia za utelezi. Hesabu ya ushirika huanzia pale gari linapopakia, kwa hiyo kazi hiyo haionekani popote wala hailipiwi kama kazi. Kisha tunafika kwenye lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100, na bado wapo wanunuzi wanaotaka lijazwe hadi lifungwe kilemba juu. Mkulima anaibiwa uzito, na kijana anayelipandisha kwenye gari anaumia kiuno akiwa bado na umri mdogo. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu mwaka 1967 kwamba mwanamume mtu mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mwanamke apewe mzigo mwepesi zaidi. Kumbe hata gunia la halali la kilo 100 ni karibu mara mbili ya kiwango hicho.

Kwa maoni yangu, ndugu Mtunza Ghala, hatua yako ya kwanza iwe mifuko ya kilo 50 isiyozidi, kwa kila zao, kuanzia kijijini. Uamuzi huo uko mikononi mwenu na hauhitaji benki.

Karani wa Bandarini

Nakubaliana na waliotangulia, lakini nashangaa kwamba hakuna aliyeuliza kwa nini viungo vya Muheza vinapitia Dar es Salaam. Zamani sababu ilieleweka, kwa kuwa meli zilitia nanga mbali na gati ya Tanga na mzigo ukahamishwa kwa matishari, hivyo ukapakuliwa mara mbili. Sasa bandari imechimbwa hadi kina cha meta 13 na kujengewa gati lenye urefu wa meta 450, na meli zinafunga hapohapo. Kutoka Muheza hadi gatini ni safari fupi kuliko kutoka gatini hadi Segera. Mwombeni wakala wenu wa meli awape bei na ratiba ya kontena kutoka Tanga, mlinganishe na gharama za sasa pamoja na siku ambazo mzigo unalala.

Kuhusu reli, nisingependa mjengewe matumaini ya haraka. Reli ya Tanga ni ya kale, ilianza kujengwa mwaka 1893 na kufika Muheza mwaka 1896, na treni ya mizigo kati ya Tanga na Moshi ilirejea mwaka 2019 baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa mzigo mzito usioharibika, kama saruji, treni inatumia mafuta machache sana kwa tani kuliko lori. Kwa machungwa yanayooza, au kwa shehena isiyojaza hata behewa moja, hesabu ni tofauti.

Mtunza Ghala (Tanga mjini)

Ahsanteni sana, nimenufaika kuliko nilivyotarajia. Suala la bandari ya Tanga nitalifuatilia wiki hii, na mifuko ya kilo 50 nitaipeleka kwenye mkutano nikiwa na hoja kamili.

Bado nina tatizo moja. Mnunuzi anatuma oda kwa kushtukiza na kutaka mzigo ufike katika siku chache. Ndiyo maana lori huondoka likiwa nusu, dereva husafiri usiku kucha, na vijana hupakia hadi saa nane za usiku. Malipo yenyewe huja baada ya miezi miwili, kwa hiyo nasi tunachelewa kuwalipa wapakiaji. Anayetuuliza juu ya mapumziko ya dereva ndiye anayeyaondoa. Je, inafaa kumwambia hivyo, au tutampoteza?

Msafirishaji wa Segera

Inafaa, na ninaamini hapo ndipo kiini cha swali lako kilipo. Oda ya ghafla huzaa gari lililo nusu na pia huzaa dereva asiyelala; moshi na dhuluma vinatoka kwenye karatasi moja, na ukiirekebisha karatasi hiyo umepunguza vyote viwili. Mwandikie kwa adabu na kwa takwimu. Mwonyeshe safari ambazo gari liliondoka nusu, lita zilizotumika kwa kila tani, na saa ambazo watu walifanya kazi usiku kwa sababu ya tarehe aliyoitaka yeye. Kisha mwombe mambo matatu yaingie kwenye mkataba: oda itolewe wiki nne kabla, tarehe ya kupakia iwe na nafasi ya siku tano ili mkusanye mzigo wa kujaza gari au kontena, na sehemu ya malipo itolewe mzigo unapopokelewa ghalani Tanga, itengwe kwa ajili ya wapakiaji na madereva. Sheria ya kwao inamtaka achukue hatua za kuzuia madhara, na manunuzi yake mwenyewe ni miongoni mwa mambo ambayo sheria hiyo inamtaka ayaangalie.

Mkulima wa Amani

Naongeza la nne. Bei izingatie kukausha na kushusha mzigo hadi barabarani, iandikwe kwa jina lake kwenye hati ya malipo ya mkulima, ili mama aliyebeba kichwani ajue amelipwa kiasi gani kwa kazi hiyo. Na katika mkutano utakaojadili barua hiyo, tafadhali waiteni wapakiaji na madereva wakae mezani nanyi, kwa sababu mpaka sasa tumejadili kazi yao hapa bila hata mmoja wao kuchangia.