Nani katwambia tunataka tani mbili za chuma? Gari za sasa zimezidi uzito!

Ndugu zangu, hili jambo limeshanifika shingoni na leo nalisema lote.

Mimi ni dereva wa taksi Unguja. Nachukua wageni uwanja wa ndege na bandarini Malindi, nawapeleka Mji Mkongwe, wengine Nungwi na Paje. Gari yangu ni Corolla ya miaka ya tisini, uzito wake kama tani moja. Inapita ninapotaka, haili mafuta, spea zake zipo kila duka. Sasa kuna hoteli moja mjini imeniambia wageni hainipi tena mpaka nije na "gari kubwa ya kisasa". Mgeni mwenyewe ana begi la mgongoni!

Basi jamaa yangu kaniachia RAV4 yake mpya niijaribu. Nikaingia nayo Shangani kwa Barabara ya Kenyatta. Vioo vya pembeni nimevikunja, mwenye Vespa mbele yangu kapanda kibarazani kunipisha, wazee waliokuwa wamekaa wanarudisha miguu. Nyumba zile ni za mawe na chokaa, hazisogei. RAV4 ya kwanza, ya mwaka 1994, upana wake ulikuwa haufiki mita 1.7 na uzito kilo 1,150 hivi ile ya milango mitatu. Ya sasa ina upana wa mita 1.85 na inapita kilo 1,600. Jina ni lile lile, gari siyo.

Wala si hiyo peke yake. Corolla ilipotoka mwaka 1966 ilikuwa na kilo 700 hivi. Ya leo inazunguka kwenye 1,300 na kuendelea. Golf ya mwaka 1974 ilikuwa kama kilo 800, nayo sasa imo humo humo kwenye 1,300. Abiria ni wale wale watano!

Kilo zinatoka wapi? Nendeni gereji mkaone. Fundi wangu Mwanakwerekwe aliletewa gari mpya iliyogongwa ubavuni, akauvua mlango kwenye bawaba, ikabidi amwite kijana wake waushike wawili. Ndani mna bomba la chuma la kuzuia kugongwa, mota ya kioo, mota nyengine ya kioo cha pembeni, spika, furushi la nyaya, na juu yake tabaka zito la kuzuia kelele. Mlango wa Corolla yangu una mkono wa kuzungushia kioo, na nauvua peke yangu. Zidisha hiyo kwa milango minne. Ongeza viti vya umeme, mota ya kufungulia buti, skrini, kioo cha kwenye paa.

Na uzito unazaa uzito. Bodi ikishanenepa inataka injini yenye nguvu zaidi, injini ile inataka gia boksi kubwa, gari ikikimbia na mzigo wote huo inataka diski kubwa za breki, diski haziingii kwenye rimu ya inchi 13, kwa hiyo unatiwa rimu ya inchi 18, na tangi la mafuta linaongezwa ili gari ifike mbali kama zamani. Kisha bei ya tairi moja ya inchi 18 tuulizeni sisi tunaozinunua, kwa njia hizi zenye mashimo.

Najua watakaokuja kuniambia "usalama". Haya, tuzungumze usalama. Mifuko ya hewa na bodi isiyojikunja juu ya abiria vimeokoa watu, hilo silipingi na sitaki virudishwe nyuma. Lakini kitu kilichookoa roho nyingi kuliko vyote ndani ya gari ni mkanda wa pointi tatu, alioutengeneza Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na Volvo wakawaachia wenzao wautumie. Una kilo ngapi ule? Suzuki Alto iliyotoka Japani mwishoni mwa 2014 ilianzia kilo 610, gari ya zama hizi kabisa. Swift ya 2017 ilipunguzwa zaidi ya kilo 100 kuliko iliyotangulia. Chuma kigumu na chepesi kipo na wahandisi wanajua kukitumia. Wakitaka wanaweza. Hawataki, kwa sababu faida iko kwenye gari kubwa.

Na sheria za wakubwa zimewasaidia. Marekani tangu gari za mwaka 2011 kiwango cha mafuta kinapangwa kwa eneo lililo baina ya magurudumu: gari ikiwa kubwa, inaruhusiwa kula zaidi. Na hizi gari kubwa za juu zikihesabiwa kwenye kundi la malori madogo ndiyo zinalegezewa tena. Unategemea kiwanda kifanye nini? Kinapandisha gari juu, kinaipanua, kisha muundo ule ule unauzwa dunia nzima, na baada ya miaka michache zilizotumika zinateremshwa kwetu.

Hizi za umeme nazo, ambazo nilidhani zitatuokoa na bei ya petroli, zimefuata njia ile ile. Hummer ya umeme inapita tani nne na betri yake peke yake ina kilo 1,300 hivi. Betri ina uzito kuliko taksi yangu yote na mimi ndani!

Usalama wa nani, kwanza? Aliyemo ndani. Njia ya Fuoni asubuhi wamejaa watoto wa skuli, baiskeli, Vespa, gari za ng'ombe. Mtoto akigongwa na boneti ya chini hupigwa miguuni. Hizi boneti za sasa zinamfika kifuani na kichwani. Na gari mbili zikigongana, nyepesi ndiyo inayoumia. Kwa hiyo mwenye gari ndogo anaingiwa na khofu, naye anakwenda kununua kubwa, na jirani yake vivyo hivyo. Hapo hakuna aliyepata usalama, tumeongezeana uzito tu.

Njia nazo zinaliwa. Marekani walifanya majaribio makubwa pale Ottawa, Illinois, kuanzia 1958 hadi 1960, wakizungusha magari usiku na mchana juu ya lami. Walichokiona ni kwamba uzito unaobebwa na ekseli moja, yaani chuma kinachoshika magurudumu ya pande mbili, ukizidi mara mbili, uharibifu unazidi kama mara 16. Lori la mchanga ndilo linaloua lami yetu kuliko yote, hilo kila mtu analiona. Lakini vichochoro vya vitofali mjini malori hayapiti, na vinabonyea.

Ufaransa tangu 2022 wanatoza gari mpya kwa uzito: walianzia kilo 1,800, na 2024 wakashusha mpaka 1,600. Wajapani, ambao ndio tunaonunua kwao, wanalipa kodi ya uzito wa gari tangu 1971. Sisi ukiagiza gari unaulizwa ujazo wa injini na mwaka wa kutengenezwa. Kilo hakuna anayeziuliza! Mtu anateremsha dude la tani mbili lenye injini ndogo ya turbo anapita nalo vizuri kabisa.

Nawaomba wanaopanga ushuru na wanaosimamia Mji Mkongwe, na kama yumo anayewajua awafikishie. Kilo ziingizwe kwenye hesabu ya ushuru na zilipiwe, gari ya kilo 700 ilipe kidogo, ya tani mbili na nusu ilipe mpaka mwenyewe afikiri mara mbili. Na vichochoro vya mjini viwekewe kikomo cha upana, kibao kikae pale gari inapoingilia na mtu wa kusimamia awepo. Daladala na gari za mizigo ziachwe, hizo zina kazi.