Naombeni ushauri: paneli ya umeme niifunge wapi kwenye boti ndogo ya tanga?

Wakuu habari zenu. Nina boti ya tanga ya mita 7, kabini yake fupi hata kusimama wima siwezi, sasa nimefumua nyaya zote za zamani maana zimeota ukijani mpaka ndani ya ganda, naanza upya na paneli ya swichi 6 ya volti 12: taa za njia, taa ya ndani, redio ya VHF (ya mawasiliano ya baharini), pampu ya ngama (ya kutoa maji yanayojikusanya chini ya boti), kipima kina na chaji ya simu. Sehemu nilizoziona ni chini ya ngazi ya kushukia, pale pale kwenye betri, au ndani pembeni ya mlango kwa juu, naifikia hata nikiwa nje kwenye usukani, au ubavuni juu ya kitanda. Moyo wangu uko kwa ile ya ngazi kwa sababu waya utakuwa mfupi, ila nahofia maji. Sitaki kutoboa matundu mara mbili.

fundi_waya: Ya ngazi achana nayo kaka. Wimbi likirukia mlangoni maji yanateremka na ngazi hiyo hiyo. Mimi nilifunga hapo kwa sababu kama yako, msimu haujaisha swichi mbili zimeganda kwa chumvi na nikaja kujua usiku, taa ya nyuma imegoma na meli inakuja. Halafu betri ya asidi ikichajiwa inatoa haidrojeni, na swichi ukiibonyeza inatoa cheche ndani, hivyo viwili visikae chumba kimoja.

joshi_demani: Waya mfupi usikutese. Chukua ampea 5, mita 5 kwenda na 5 kurudi, waya wa milimita 2.5 za mraba unapoteza kama volti 0.35, hiyo ni karibu asilimia 3, taa zinawaka vizuri tu. Ukitumia wa 1.5 unakaribia asilimia 5, hapo ndo taa zinaanza kufifia. Kutoka betri mpaka mlangoni kwako sidhani kama inafika mita 2, piga waya mnene, uliopakwa bati, umemaliza. Ila fyuzi kuu ikae kwenye betri sio kwenye paneli! Kanuni za ABYC, baraza la viwango vya boti la Marekani, kwa kawaida zinataka isizidi inchi 7 kutoka betri, yaani kama sentimita 18, kwa sababu kipande kilicho kabla ya fyuzi kikichubuka hakuna cha kukizuia kuwaka moto.

dada_wa_tanga: Ubavuni nako hapana, ukuta wa nje unatoka jasho usiku na boti ikilalia upande huo maji yote ya kabini yanakwenda huko. Ya mlangoni ni nzuri ila mbona hakuna aliyeuliza dira iko wapi? Kama imefungwa ukuta huo huo kwa nje, umeme utaivuta sindano. Suka waya chanya na hasi pamoja, halafu washa kitu kimoja kimoja huku unaitazama dira, ikicheza sogeza.

Mwenye uzi: Asanteni sana. Dira iko mbali kidogo, upande wa kushoto. Na pampu ipitie swichi ya paneli?

fundi_waya: Pampu yenye boya, linaloiwasha lenyewe maji yakipanda, ichukue umeme betri moja kwa moja na fyuzi yake, ili ukizima kila kitu ukaondoka iendelee kufanya kazi. Kwenye paneli bakiza ile ya kuiwasha kwa mkono. Na paneli iwe na bawaba, nyaya za nyuma ziache zimelegea kiasi ifunguke yote, na kila waya upinde kwenda chini kabla haujapanda kuingia, maji yadondokee kwenye pindo. Usipofika kwa nyuma siku ya hitilafu utalia.

Mwenye uzi: Nimerudi wakuu. Nilikata kadibodi saizi ya paneli nikaigundisha mlangoni nikatoka nayo baharini. Kila nikishuka bega linagonga swichi za chini, na nikikaa usukani nafikia safu ya juu tu. Kwa hiyo naipandisha shubiri moja, taa za njia na redio zinakaa juu. Kesho natoboa.